Mkuki Juu ya Mabati

Mimi si mtu wa kushangazwa. Waulize watu wa Kisii mjini. Nimeona lori langu mwenyewe, limejaa ndizi, likiteremka kilima bila breki, nami nikavuka barabara nikaagiza chai, nikangoja lifike lilikokuwa linakwenda. Nimeona meneja wa benki aliyeninyima mkopo akija miaka mingi baadaye kuniomba nyumba ya kupanga, nikampa ile iliyo karibu na choo. Nimesoma mpaka darasa la nne, na leo wenye digrii wananiamkia wao kwanza. Kwa hiyo mtu akinijia mbio kuniambia kuna jambo, mimi humwambia aketi, anywe maji, kwa sababu yawezekana jambo hilo nimekwisha kuliona.

Lakini mwezi uliopita nilisimama chini ya jengo langu jipya, lile la ghorofa tano, nikatazama juu mpaka kofia ikaanguka. Juu kabisa, kwenye paa, penye upepo, alikuwa amesimama msichana. Amevaa gambuti na ovaroli ya buluu, kamba imemzunguka kiunoni, anakata ukanda wa shaba kwa mashine na cheche zinaruka. Harufu yake ikanifikia huko chini, ile harufu ya chuma kilichokwaruzwa kwa nguvu, kali kidogo puani, kama panga linalonolewa kwenye jiwe lililolowa. Nyinyi wa rika langu mliolelewa milimani kwetu mnaijua. Ndiyo inayobaki hewani radi ikipiga karibu.

Niliiokota kofia lakini sikuivaa. Nilikuwa nimerudi nyumbani, upande wa Ekerenyo, mtoto mwenye pengo la meno ya mbele, niko juu ya paa la baba yangu, na dada yangu Kemunto yuko chini ananielekeza kwa kidole.

Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba. Sijui nani aliyeanzisha sheria hiyo, niliikuta ipo kama nilivyovikuta vilima. Kuezeka ni kazi ya wanaume, kuziba panapovuja ni kazi ya wanaume, na hata nyumba ikishika moto mwanamke anamwaga maji akiwa chini. Akionekana juu ya paa ni kama amemkanyaga mwenye nyumba kichwani. Ndiyo maana nilipomwona yule msichana nilivua kofia, au tuseme kofia ilijivua.

Sasa niwaambie kuhusu paa la kwanza. Baba yetu tulimwita Tata, kama watoto wote wa Kigusii wanavyowaita baba zao. Tata alikuwa mtu wa kwanza kwenye mgongo ule wa kilima kuezeka mabati. Aliuza pareto msimu baada ya msimu, mabati yakaja kutoka Kisii kwa mgongo wa punda na mabega ya ndugu zake, na siku ya kwanza mvua ilipoyapiga, watu walikuja kusikiliza. Mimi niliwaambia wenzangu shuleni kwamba sisi tunalala ndani ya ngoma. Hawakulala kwa wivu.

Ila mabati yalikuwa na kasoro moja. Nyumba zetu za zamani, zile za msonge za nyasi, zilikuwa na mti mmoja uliochomoza kileleni. Mti huo ulikuwa unasema kwamba mwenye nyumba yu hai. Akifa, unavunjwa. Ukipita njiani ukaona kilele kitupu, unajua humo anakaa mjane, na unapunguza sauti yako. Mabati hayana kilele cha namna hiyo. Na jirani yetu Mzee Makori, ambaye nyasi za nyumba yake zilikuwa zimeoza mpaka zinaota uyoga, hakuiacha nafasi hiyo ipotee. Kila asubuhi akipeleka ng'ombe mtoni alisimama mbele ya ua wetu na kuita, "Mjane ameamkaje?"

Tata alijibu, "Mjane ameamka pakavu. Wewe je?"

Walicheka wote wawili. Lakini Makori akishapita, nilikuwa namwona Tata akilitazama paa lake kwa muda. Nyanya, mama yake, hakucheka kabisa. Alikataa kulala ndani ya mabati hayo. Alisema hawezi kulala katika nyumba ya mwanawe kana kwamba mwanawe amekufa.

Kemunto ndiye aliyekuwa kifungua mimba wetu. Alikuwa mrefu, mkimya, na vidole vyake havikutulia. Ukimpa kalamu ya wino anaifungua, ukimpa kufuli bovu anakurudishia linafunga. Alikuwa amefika kidato cha pili katika shule ya bweni, jambo ambalo wasichana wa kwetu waliolifikia ungeweza kuwaketisha kwenye benchi moja la kanisa na nafasi ikabaki. Karo yake ilikuwa ni ng'ombe. Kila mara ikihitajika, mmoja anakwenda sokoni.

Kisha masika yakaanza vibaya. Radi kwetu si hadithi ya kutishia watoto. Karibu kila alasiri wingu linapanda kutoka upande wa ziwa, jeusi kama kitako cha sufuria, na akina mama wanafunika vioo kwa leso na kuwaita watoto watoke chini ya miti. Siku moja radi iliushukia mkaratusi uliokuwa kando ya zizi letu, ikaua ng'ombe wawili kwa pigo moja. Walianguka wakitazamana. Hakuna aliyekata hata kipande. Mnyama aliyechukuliwa na radi kwetu haliwi. Ukimla umekula hasira yake. Tuliwazika na ngozi zao, na mbwa wakafungwa kamba wasije wakafukua. Tukabaki na mtamba mmoja.

Kemunto alipokuja likizo ya Aprili, Tata alimwambia jioni ileile. Alisema huku akitazama moto, kwa maana kwetu baba na binti aliyekua hawatazamani ovyo. Kuna heshima inakaa kati yao kama ukuta mfupi.

"Kidato cha pili si haba," alisema. "Shangazi yako amekupatia nafasi kwa wale wanaofundisha ushonaji kule Kisii. Karo yao ni ndogo. Utatoka na kazi mkononi."

"Tata, muhula ujao tunaanza umeme. Ndiyo mara ya kwanza wasichana kuruhusiwa kusoma fizikia pale."

"Umeme." Tata alisukuma kuni ndani. "Na huo umeme utaufanyia wapi? Huku hakuna hata nguzo."

"Upo huku, Tata. Ndio uliowaua ng'ombe."

Mama aliacha kukoroga. Mimi nilisogea karibu, maana nilidhani sasa Kemunto atapigwa na sikutaka kukosa kuona. Tata hakumpiga. Alimwambia aseme vizuri.

"Ulipoezeka mabati," Kemunto alisema, "maji ya paa yalianza kuingia jikoni kwa mama. Ulifanya nini?"

"Nilichimba mfereji."

"Uliizuia mvua?"

"Nani azuiaye mvua?"

"Radi nayo ni hivyo. Haizuiliki, inachimbiwa mfereji. Mfereji wake ni chuma. Unaanzia juu ya nyumba na kuishia kwenye udongo wenye maji. Inapita njia yake, inakwenda, na sisi tuko ndani tunakula."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea nitashona."

Nimefanya biashara na watu wa kila aina tangu siku hiyo, Wahindi, Wakikuyu, wanasiasa, na sijaona mtu akiweka bei yake mezani kwa utulivu kama ule. Tata aliufikiria ule mfereji kwa muda mrefu. Halafu akatoa yake. Shule zikifunguliwa bila radi kuchukua kitu tena katika boma letu, atauza mtamba na Kemunto atarudi kwa umeme wake. Ikichukua kitu, hata kuku, ataondoka kwenda kushona, na neno umeme halitatajwa tena.

"Hata kuku?" mama aliuliza.

"Hata kuku."

Tangu siku iliyofuata, wingu likionekana tu, mama alikuwa anakimbia uani akikusanya kuku kwa aproni na kuwafungia ndani ya nyumba. Tulikuwa tunakula chakula cha mchana kuku wakiwa chini ya meza. Mama hakusoma hata darasa moja, na hakuwahi kusema lolote juu ya fizikia. Alikusanya kuku.

Kemunto hakuwa na shaba. Alichukua seng'enge isiyo na miiba, ile Tata aliyonunua kuzungushia zizi, akasokota nyuzi tatu pamoja kama anasuka nywele, mpaka mikono ikatoka malengelenge. Kwa upande wa chini alipata jembe la plau lililokwisha, akalifukia nyuma ya nyumba chini ya migomba, pale mama alipokuwa akimwaga maji ya vyombo na udongo haukauki. Kilichobaki ni kile cha juu. Alitaka chuma kirefu chenye ncha. Chuma cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, mkuki wa babu, na ulikuwa kwa Nyanya.

Nilimsindikiza. Nyanya alikuwa anachambua wimbi.

"Mkuki wa nini? Unakwenda kumchoma nani?"

"Radi, Nyanya."

Nyanya alicheka mpaka ungo ukamwagika. Kisha akaacha kucheka, akamtazama mjukuu wake. "Babu yako angekupa," alisema. "Lakini nitakuja kuona unauweka wapi."

Na hapa ndipo mimi ninapoingia, kwa sababu Kemunto hangeweza kupanda. Tata alikataa katakata, na wajomba walikataa kwa niaba yao wenyewe. Walisema hawawezi kumwitia radi mwenye mji. Kemunto akanitazama. Nilikuwa mwepesi, nilikuwa wa kiume, na nilikuwa sijui kuogopa. Leo hii ukiona umeme Ekerenyo, ujue kazi hiyo niliianza mimi. Nilipanda ngazi na mkuki mgongoni, umetolewa mpini, nikatembea juu ya mabati yaliyochomwa na jua mpaka nyayo zikanukia.

"Mura," Kemunto aliita kutoka chini, yaani kijana kwa Kigusii, "kanyaga penye misumari. Kando ya misumari hakuna mbao."

"Najua."

"Hujui. Kaza mkuki kwanza. Sasa zungusha waya kwenye shingo ya mkuki. Tena. Tena. Vuta kwa meno kama koleo halishiki."

"Sina meno ya mbele."

"Basi tumia ya nyuma."

Alijua kila msumari wa paa ambalo hajawahi kulikanyaga. Hilo sikulishangaa wakati ule, nilidhani ndivyo dada walivyo. Nilipomaliza, mkuki wa babu ulikuwa umesimama juu ya mabati ya Tata, ncha yake ikitazama mbinguni, na waya imeshuka ukutani mpaka migombani.

Nyanya alikuja akiegemea mkongojo wake. Alisimama katikati ya ua akatazama juu. Alitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akapiga kigelegele kimoja, kikavu, cha mtu wa umri wake, akasema, "Sasa nyumba ina mwenyewe."

Usiku huo alihamia kwetu na kitanda chake.

Kemunto alifungua kinywa aeleze, nikamwona. Alitaka kusema kwamba ule ni mfereji wa radi, si mti wa kilele. Halafu akamtazama Tata, aliyekuwa amesimama mlangoni, kifua mbele kidogo kuliko kawaida. Akakifunga kinywa chake. Dada yangu alijua kufunga kufuli.

Asubuhi Makori alipita na ng'ombe wake. Hakuuliza habari za mjane. Alisimama, akatazama, akaingia uani bila kukaribishwa.

"Mnafukuza radi?" aliuliza.

"Tunaionyesha njia," Tata alijibu. Alikuwa amekwisha kuyashika maneno ya binti yake.

"Ikifukuzwa hapa itakwenda wapi? Nyumba iliyo karibu ni yangu. Ni ya nyasi. Kiondoeni hicho chuma."

Nyanya alikuwa ameketi kizingitini. "Makori," alisema, "ngazi ile pale. Panda ukaung'oe wewe. Ung'oe alama ya mwanangu angali hai, watu wa kilima chote wakiona."

Makori aliitazama ngazi. Mtu anayevunja mti wa kilele wa mwenzake aliye hai amemtakia kifo, na hakuna mzee wa Sabato wala wa Katoliki ambaye angemtetea. Alivuta pua, akasema ng'ombe wake wana kiu. Basi mkuki ulibaki, umelindwa na kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha fizikia.

Kazi yangu mimi ilikuwa kumwagia maji pale chini ya migomba kila jioni, udongo usikauke. Kemunto alinieleza sababu, lakini mimi nilikuwa na yangu. Nilielewa kwamba radi itaingia pale ardhini na kukaa, kama ndizi tunavyozifukia ziive, na kwamba yale maji ni ya kuinywesha. Nilikuwa naweka sikio chini na nilikuwa naisikia kabisa ikinguruma. Habari ikaenea. Watoto wakaanza kuja, nami nikaona si haki kuisikiliza radi yetu bure. Ndizi moja mbivu, unaweka sikio. Mbili, unaweka sikio na mimi nakueleza inasema nini. Kulikuwa na siku nilishindwa kula chakula cha jioni kwa kushiba. Ndizi zilizozidi nilimpa binamu akaziuze sokoni. Watu huniuliza mtaji wangu wa kwanza ulitoka wapi. Ulitoka kwenye shimo la dada yangu.

Kemunto alinikuta siku moja nikiwa na foleni. Nilidhani atanifukuza. Alilala chini, akaweka sikio lake, watoto wote wakatulia.

"Unasikia?" nilimwuliza.

"Nasikia tumbo lako," alisema. "Na nasikia maji hayatoshi. Ongeza."

Likizo ilikaribia kuisha bila tukio. Radi zilianguka ng'ambo ya mto, zikaanguka kwenye misitu ya watu, kwetu hamna. Makori alikuwa akisema kwamba hilo halithibitishi kitu. Hata kwake haikuanguka, na hana mkuki. Na Tata alianza kukubaliana naye kidogo. Nilimsikia akimwambia mama, "Sasa nitajuaje kama ni waya au ni bahati?"  Kemunto naye alikuwa akiketi mlangoni kila alasiri akilitazama wingu kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani, asijue kama anaomba lije au lisije.

Likaja. Ilikuwa mchana, lakini ndani kulikuwa na giza la kuwasha koroboi. Mvua ya mawe ilianza kwanza, mabati yakapiga kelele mpaka tukawa tunaongea kwa mikono. Mama alikuwa amekusanya kuku. Nyanya alikuwa amejifunika blanketi. Kisha nywele zangu zikasimama zenyewe, zote, kama kuna mtu anazivuta polepole, na mwanga mweupe ukaingia kwa kila tundu la msumari. Sauti yake sikuisikia kwa masikio, niliisikia kwa meno ya nyuma. Halafu kimya. Halafu ile harufu.

Tata aliinuka gizani akatugusa vichwa mmoja mmoja. Alipofika kwa Kemunto mkono ulisimama hewani, ule ukuta wa heshima, kisha ukashuka ukamgusa naye.

Tulikuwa wazima wote. Nyumba nzima, mtamba mzima. Mvua ilipopungua, kilima chote kilikuja mbio, maana waliona kwa macho yao mti wa moto umeshuka juu ya mabati yetu. Walikuja na majembe, nadhani walikuja kuzika. Wakatukuta tunafungua madirisha. Wengine walizunguka nyuma wakarudi wakinong'ona. Chini ya migomba, palipofukiwa jembe la plau, majani yalikuwa yameungua duara, na waya imekuwa nyeusi.

Ndipo Makori alipotokea kutoka upande wa shamba, ameshika kuku kwa mguu. Kuku wetu, yule jike mwekundu mkaidi, aliyekuwa anataga vichakani na mama hakuwahi kumpata. Amekufa, kichwa kinaning'inia.

"Mwenye mji," Makori alisema, na hakusema kwa furaha, alisema kama mtu anayetimiza wajibu. "Radi imekuchukulia kuku. Nasikia ulisema hata kuku."

 Mama aliweka mkono kinywani. Kemunto alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, na aliyeona mikono hiyo ni mimi peke yangu kwa sababu nilikuwa nyuma yake. Kwa mara ya kwanza vidole vyake vilikuwa vimetulia.

Tata alimpokea yule kuku. Alimgeuza. Alipuliza manyoya ya mgongo, akapuliza ya kifua, akatazama kama ngozi imeungua. Alimnusa, mbele ya wazee wote, kama anavyonusa mama pareto kujua kama imekauka.  Kisha alimwita mama kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama alivyomwita siku zote, ila siku hiyo lilisikika vingine.

"Mama Kemunto," alisema, "weka maji jikoni. Huyu ameuawa na mvua ya mawe. Tutamla."

Mnaelewa alichokisema? Mnyama wa radi haliwi. Angeweza kusema maneno mengi juu ya elimu, na angeweza kukosea au kubishiwa. Badala yake aliagiza maji ya kunyonyolea. Kuku alipikwa watu wakiwepo, Tata akaketi nje kwenye kigoda, akala kipande cha kwanza polepole, akameza, akapeleka kipande cha pili kwa Makori. Makori alikishika kile kipande. Alimtazama Tata kooni, akangoja kwa muda wa kutosha kuona kama ataanguka. Kisha akala.

"Chumvi imepungua," alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa hukumu ya kilima chote.

Asubuhi yake Tata alipanda juu ya paa mwenyewe. Alikaa huko kwa muda, ameshika mkuki wa baba yake. Ncha ilikuwa imeyeyuka ikawa duara, kama mshumaa uliozimwa. Aliposhuka hakutuambia alichowaza. Alisema tu, "Waya imelegea pale kwenye kona."

"Nipande?" nikauliza. Nilikuwa nimekwisha kushika ngazi.

"Wewe ulifunga vibaya. Mwite aliyekuwa anakuelekeza."

Kemunto alitoka ndani. Tata alimpa koleo bila kumtazama. Dada alivaa kaptura ya mjomba chini ya gauni lake, akaikanyaga ngazi, akapanda. Na Tata, mzee wa kanisa, mtu wa kwanza kuezeka mabati, aliishika ngazi kwa mikono yote miwili, uso wake ameugeuzia migombani kwa heshima, akabaki hivyo mpaka binti yake alipomaliza. Watu walipita njiani wakaona. Nyanya aliona. Alirudisha kichwa chake ndani na kuendelea na wimbi lake.

Mtamba aliuzwa wiki hiyo. Kemunto alirudi kwa umeme, na hakurudi nyuma tena. Alikuja kuwa mwalimu wa fizikia, akafundisha wasichana Nyamira, akafundisha Kenyenya, mpaka alipostaafu, na nikienda ofisi yoyote yenye kompyuta au mashine kubwa, au kiwanda chochote cha chai, natokewa na mwanamke fulani ananiuliza, "Wewe si ndugu yake mwalimu Kemunto?" Mimi ninayejulikana toka Kisii mpaka Nairobi, naitwa ndugu ya mtu. Nimezoea. Naipenda, hata.

Basi nilipotaka kinga ya radi kwenye ghorofa langu nilimpigia simu yeye. Akasema ataniletea mtu. Mtu mwenyewe ndiye huyu Moraa, mhandisi, mwanafunzi wake wa zamani, niliyemwona na gambuti zake hapo mwanzo. Alishuka, akaniandikia bei. Mimi sijawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote. Hata mahari nilipunguziwa. Nilimpigia Kemunto tena.

"Mwanafunzi wako ananichinja."

"Amekwisha kumaliza kule juu?"

"Bado kesho."

"Ngazi ya mwisho, ile ya kutokea juu kabisa, nani anaishika?"

"Ana kijana wake wa kazi."

"Sikukuuliza ana nani, mura," alisema dada yangu. "Nimeuliza nani anaishika."

Kesho yake nilipanda ghorofa tano kwa haya magoti yangu. Nilimwambia yule kijana akanunue soda. Nikaishika ngazi kwa mikono yote miwili, nikageuza uso kutazama vilima, na Moraa akapanda juu ya kichwa changu na koleo lake. Chini barabarani watu walisimama, na wengine walinitambua. Alipomaliza nilimlipa papo hapo, bila kuomba apunguze hata ya chai: shilingi laki mbili, elfu kumi na saba, mia nne na hamsini.